Siku Nne Zilizorukwa

Siku ya arobaini na mbili tangu mpishi atekwe, kampuni ya barabara ilimtuma mtu wake kwa mara ya tatu. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumpa jina: Bwana Faili. Hakupata kuonekana bila faili la kijani kwapani, na kila alipoulizwa swali alilifungua, akalichungulia, akalifunga, kama mtu anayefunua sufuria akijua fika haina kitu.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, katikati ya vitambaa na vipande vya karatasi za kukatia. Mke wa mpishi alikuwa kwenye cherehani. Hakusimamisha mguu.

"Taratibu zinaendelea," alisema Bwana Faili.

"Zinaendelea kwenda wapi?" Mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kigoda chake mlangoni. "Tangu mwezi uliopita zinaendelea. Hata konokono angekwisha kufika na kurudi."

"Mama yangu, haya ni mambo ya usalama. Siwezi kusema yote."

"Sina haja ya yote. Sema moja."

Faili likafunguliwa, likafungwa.

Waliotekwa walikuwa watano, wote wa kambi moja kule barabara inakochongwa: mpima ardhi, madereva wawili, fundi bomba, na mpishi. Watu wenye bunduki waliingia wakati wa chakula cha mchana, wakawachukua hao waliokuwa karibu na lori. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua lolote, au aliyejua hakusema.

"Kuna karatasi ndogo ya kusaini," Bwana Faili akasema kwa sauti ya kubembeleza. "Ni ya mahudhurio tu. Bila hii, mshahara wake wa mwezi hauwezi hata kuombwa."

Hapo mguu ukasimama. Mshonaji akaichukua karatasi, akaisoma mara mbili. Jina la mumewe lilikuwa limeandikwa sawasawa. Mbele yake, kwenye safu ya sababu, kulikuwa na maneno manne: hayupo kazini bila ruhusa.

"Bila ruhusa ya nani?"

"Ni mfumo, shemeji. Mfumo una ugonjwa, likizo, msiba na utoro. Hauna mahali pa kutekwa."

"Si mngeandika basi msiba?" Mama mkwe alidakia, na papo hapo akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akatema mate kando, mara tatu. "Sikusema. Mungu wangu, sikusema. Hamkusikia."

"Hatukusikia, mama," mkwewe akamjibu. Kisha akasaini kwamba mume wake ni mtoro.

Bwana Faili aliikausha saini kwa kuipulizia. Alipofika mlangoni akakumbuka jambo. "Wanaweza kupiga simu. Kwa mke wa mpima ardhi walipiga juzi. Wakipiga, msibishane, msitishe, msikate. Sikilizeni, andikeni, kisha mtuambie sisi."

"Na tukishawaambia nyinyi?"

"Taratibu zitaendelea."

Akaondoka. Chumba kikabaki na wale wanawake wawili, ambao kusema kweli hawakuwa wamezoeana. Miaka mitatu ya ndoa walikuwa wakionana siku za sherehe tu, mpaka mama mkwe alipohamia hapa baada ya utekaji. Mtu aliyewaunganisha ni mmoja, na sasa huyo mmoja hayupo, wakawa kama kingo mbili za mto usio na daraja. Walisalimiana vizuri. Walipakuliana chakula vizuri. Lakini kila mmoja alimlilia mtu wake peke yake, mmoja mwana, mwingine mume.

Nyuma ya ukuta bunduki zililia, watu wakashangilia. Ukuta huo waliuchangia na banda la video.

*

Mwenye banda aliitwa Kamera, ingawa kamera hakuwa nayo. Alikuwa na televisheni kubwa, mabenchi manane, na rimoti iliyofungwa mpira ili betri zisidondoke. Picha zake nyingi zilikuwa za lugha za kigeni, kwa hiyo alisimama pembeni ya kioo na kutafsiri kwa mdomo, sauti nene kwa adui, nyembamba kwa wanawake. Mtaa mzima ulimwamini.

Mshonaji alimkuta asubuhi akifagia maganda ya karanga.

"Dada," Kamera alianza hata kabla hajasalimiwa, "ile ya mateka nimeitoa. Nimeweka ya mieleka. Niliona si ubinadamu, upande ule una lako, upande huu mimi nawachekesha watu kwa risasi."

"Nataka kuiona."

Kamera akashika ufagio kwa mikono miwili. "Ile ni maigizo, dada. Yule anayekufa mwanzo nimemwona kwenye picha nyingine kafufuka, anauza magari."

"Kampuni haisemi kitu. Polisi wananiambia niende kampuni. Nataka nione mtu akishikwa anafanywaje. Hata kama ni uongo, nione uongo wa watu waliofikiria."

Kamera akaegemeza ufagio ukutani. Akasema aje kesho saa tatu, kabla ya wateja. Kesho yake alikuja na mama mkwe, aliyejifunga leso kichwani kama anayekwenda hospitali. Wakakaa benchi la mbele, wawili tu, na nyuma yao mabenchi saba matupu.

Picha yenyewe ilikuwa hivi: watu wenye silaha wameteka wafanyakazi kumi na wawili kwenye ghorofa la juu kabisa la jengo refu. Mwanajeshi mmoja mstaafu, kifua kama kabati, anapanda kwa kamba kuwakomboa.

"Huyo ndiye stelingi," Kamera alisema. "Huyo hafi."

"Umejuaje?" mama mkwe akauliza.

"Stelingi hafi, mama. Akifa watu wanadai kiingilio chao."

Stelingi alivunja kioo, akaruka, akaanguka juu ya gari, akainuka akijipangusa vumbi. Mama mkwe akaguna. "Mimi juzi nimeteleza bafuni, mpaka leo natembea kama kaa. Na hao waliofungwa, hii siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Siku tatu hakuna aliyeomba kwenda chooni? Na yule binti, shati lake kapiga pasi nani?"

"Ndiyo udhaifu wa picha hizi, mama," Kamera alikiri, kama vile yeye ndiye aliyeitengeneza.

Mshonaji alitazama tu. Lakini palikuwa na mahali mateka walipewa chupa moja ya maji, na kila mmoja akanywa funda moja tu, akampa wa pili bila kumtazama usoni. Wa mwisho, mzee wa mvi, alibakiziwa mafunda mawili. Hapo mshonaji akaegemea mbele. Hapo hawakudanganya, alijisemea. Mtu aliyeandika hapa amewahi kuwa na kiu.

Kisha akatokea mke wa mmoja wa mateka, mwanamke mwenye blauzi nyeupe, kakaa sebuleni na mzee fulani mwenye miwani. Kamera akainua rimoti. Picha ikakimbia, midomo ikichezacheza kama ya mbuzi anayecheua.

"Mbona unaruka?"

"Hapo ni maongezi tu, dada. Hakuna kitu."

Alipoachia, simu ya yule mwanamke ilikuwa inalia. Akaipokea, na Kamera akamtafsiria kwa ile sauti yake nyembamba: "Nisiposikia sauti ya mume wangu, sina la kuzungumza na wewe!" Akakata. Rimoti ikapanda tena, ikashuka. Simu ikalia. Safari hii alikuwa mume mwenyewe, hai, analitaja jina la mkewe.

Mama mkwe alipiga makofi. "Mwanamke si huyo! Kawaweka sawa!"

Waliobaki kwenye picha walikombolewa kwa mlipuko mkubwa. Wanawake wale wawili walitoka nje wakifumba macho kwa jua, na kwa mara ya kwanza tangu mpishi atekwe, mama mkwe alimshika mkwewe mkono kuvuka mtaro.

*

Simu ililia siku ya tatu yake, saa nne asubuhi. Mama mkwe alikuwa amekwenda bombani. Mshonaji alikuwa anapinda ukosi wa shati la mteja. Namba aliyoiona hakuijua.

"Wewe ni mke wa mpishi?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume mwenye mafua, na haikuwa na ukali. Hilo ndilo lililomtisha, kwani alikuwa amejiandaa kwa sauti nene.

"Ndiye mimi."

"Mumeo mzima. Sasa nisikilize vizuri..."

Nini kilimwingia? Mtu akiwa gizani hushika ukuta wowote anaoupapasa, na ukuta aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, wa blauzi nyeupe. Akasimama wima. Akasikia maneno yakimtoka, na yalitoka kwa sauti nyembamba ya Kamera.

"Nisiposikia sauti ya mume wangu, sina la kuzungumza na wewe."

 Akasikia upepo. Akasikia kitu cha bati kikigongwa.

"Subiri ki..." alianza yule mtu, lakini mshonaji alikuwa amekwisha kuitoa simu sikioni.

Akakata.

Akaiweka simu juu ya meza ya cherehani, akangoja ilie. Akahesabu mpaka ishirini. Akahesabu mpaka mia. Alipofika mia mbili akaipiga ile namba mwenyewe, na sauti ya mashine ikamwambia kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena, na tena. Kila mara ile sauti ilimjibu kwa adabu ileile.

Mama mkwe akaingia na ndoo, anahema. "Nimesikia simu?"

"Mteja," alisema mshonaji. "Anaulizia gauni lake."

*

Upweke si kukosa watu. Watu walikuwa wamejaa tele, kila mmoja na pole yake mkononi. Upweke ni kuwa na neno ambalo huna wa kumpa.

Neno lake aliamka nalo na kulala nalo. Alilala upande wake wa kitanda, akiacha ule mwingine kama ulivyo, na mikono kaikunja kifuani asije akaupapasa. Alishona mikono ya gauni kinyumenyume, akafumua, akaishona kinyume tena. Wateja walipungua. Aliyekuja alinong'ona hata pale alipouliza bei ya zipu, na mmoja alichukua kitambaa chake kikiwa hakijakatwa. "Usijali, dada, tulia kwanza na shida yako," akasema, na mshonaji akamwona kupitia dirishani akikipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Na kila asubuhi mama mkwe aliuliza, "Imelia?"

"Bado, mama."

Mama mkwe alikuwa mtu wa vitendawili. Ndivyo alivyowalea watoto wake, hata uji hawakuupata bila kutegua kimoja. Jioni moja, wakiwa wameketi na chai iliyokwisha kupoa, alisema kama anayejisemea, "Kitendawili."

"Tega."

"Akilia tunafurahi, akinyamaza tunalia sisi."

Mshonaji aliinama kwenye kikombe. "Mtoto mchanga," akasema, ingawa alijua sivyo.

"Nipe mji."

"Chukua uutakao."

"Nimeuchukua mji aliko mwanangu," alisema mama mkwe. "Jibu ni simu."

Siku ya tisa tangu akate simu, mshonaji hakuweza kuvumilia tena. Saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa Kamera.

"Yule mwanamke alipokata, ilichukua muda gani wampigie?"

Kamera alikuwa anafuta kioo. "Palepale. Si uliona?"

"Niliona ukiinua rimoti."

Akaacha kufuta. "Dada, picha ile ni saa mbili na robo. Mimi nilikuwa naionyesha mara tano kwa siku. Nikiweka maongezi yote napoteza onyesho zima, na vijana wanapiga miluzi wanataka ngumi. Kila mwenye banda anaruka."

"Umeruka nini?"

"Maongezi. Na pale anapokaakaa ndani. Nani atalipa kiingilio amtazame mwanamke anaosha kikombe?"

"Niwekee. Usiruke kitu."

Akaweka. Akatafsiri, safari hii bila sauti za kuigiza, na taratibu, kwa sababu sehemu zile hata yeye alikuwa hajawahi kuzisikiliza.

Mzee mwenye miwani, kumbe, alikuwa mpatanishi wa polisi. Alimwambia yule mwanamke: ndani ya lile jengo tuna mtu wetu, ametuhakikishia kwamba mumeo yu hai na yuko hatua mbili kutoka kwenye simu, ndiyo maana tunathubutu. Utakata nitakapokugusa bega, si kabla. Mwanamke akakataa. Akasema, nikikata nikamuua nitaishi vipi? Wakafanya mazoezi, akashindwa, akalia, wakarudia. Kisha simu ikalia, mkono ukagusa bega, akakata.

Na haikulia palepale. Ilichukua siku nne.

Siku nne hizo ndizo Kamera alizokuwa akizikimbiza kwa kidole gumba. Hazikuwa na muziki. Stelingi hakuonekana kabisa. Mwanamke aliosha kikombe kilekile asubuhi na jioni. Alikaa kwenye ngazi za nyumba yake, si juu si chini, katikati. Alipiga pasi shati la mumewe, akalitazama, akalikunja likajikunja vibaya, akalipiga pasi upya. Aliinua simu kuona kama ni nzima, akaitua haraka asije akaizuia kulia. Dada yake alikuja na maua, hakumfungulia.

"Hii ndiyo picha," alisema mshonaji. "Zile ngumi ni mapambo."

Kamera alikuwa amekaa benchini, rimoti mapajani. "Sikujua kama anaigiza vizuri hivi," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akageuka. "Dada, mbona..."

"Walinipigia, Kamera. Nikakata. Nilikata kama yeye, na sina mzee wa miwani, sina mtu ndani ya jengo. Leo siku ya tisa."

Kamera aliitazama rimoti kama mtu aliyekuta nyoka mapajani. "Basi mimi ndiye..."

"Wewe uliruka," alisema. "Mimi nilikata."

Nyuma yao mlango uligongwa. Wateja wa kwanza walikuwa wamefika, wanauliza leo kuna nini.

*

Alimkuta mama mkwe anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama. Simu ile haikuwa ya mteja."

Akasema yote, amesimama, bila kujipendelea. Vidole vya mama mkwe viliendelea kuokota mawe, jiwe moja, jiwe la pili. Kisha vikatulia.

"Alisema ni mzima?"

"Alisema mzima."

"Alisema mzima, na wewe ukakata."

"Nilikata, mama."

"Siku tisa nakuuliza. Siku tisa unaniangalia usoni unaniambia bado." Hakupaza sauti. "Mimi mwanangu ni mzima tangu siku tisa, na hukunipa hata hicho nikakilalia."

Hilo mshonaji hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameficha kosa. Hakujua kwamba ndani ya kosa alikuwa ameficha pia habari njema, na kwamba mtu mwingine alikuwa anakufa njaa kwa kuikosa.

Mama mkwe akajitwika ungo wake, akaenda kukaa nje, mgongo ameuelekeza mlangoni. Bwana Faili alipopigiwa simu alisema, "Hili sasa itabidi liandikwe," na karatasi zikasikika zikifunuliwa. Kuanzia hapo ndani ya nyumba yalibaki maneno ya lazima tu. Maji yamechemka. Sabuni imekwisha. Mlango umefunga? Kitanda cha mmoja na mkeka wa mwingine vilikuwa hatua tano, na kila mmoja alimsikia mwenzake akigeuka.

*

Walioachiwa walikuwa watatu: mpima ardhi, dereva mmoja na fundi bomba. Habari ilifika kwanza redioni, ndipo kampuni ikakumbuka kuwapigia. Mpishi hakuwamo.

Fundi bomba alikuja mwenyewe siku ya pili, viatu vimemzidi ukubwa, ndevu kanyoa nusu nusu. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili na hakukinywa.

"Yu hai," alisema kabla hajaulizwa, na mama mkwe akakaa chini palepale alipokuwa amesimama, sakafuni. "Nimemwacha juzi, yu hai. Amekonda, lakini sote tumekonda."

"Mbona nyinyi mmeachiwa yeye bado?" mama mkwe akauliza.

Fundi bomba aliangalia viatu vyake. "Dereva wamembakiza kwa ajili ya gari. Mpishi..." Akasita. "Anapika vizuri, mama. Wale watu walikuwa wanakula mizizi na makopo. Tangu wamempata yeye, mkubwa wao amesema huyu haendi popote."

Mama mkwe akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha fahari, kikatoka kabla hajakizuia, na katikati ya safari kikageuka. "Nilimfundisha mwenyewe," alisema. "Alikuwa hafiki mezani, nikamwekea kigoda. Nilimfundisha mwenyewe."

Chai ikapoa. Mshonaji alingoja mpaka akaona akiendelea kungoja hatauliza kamwe.

"Siku walipopiga simu, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alikuwa wapi?"

"Pale karibu. Alikuwa amefuta mikono, anasubiri apewe. Yule mwenye simu akasema, subiri kidogo nimpe, ikakatika." Aliona uso wake, akaharakisha. "Dada, si kwa sababu hiyo hawakupiga tena. Tulikuwa tunahama tangu asubuhi, vitu vimekwisha kufungwa. Tukashuka bondeni, kule mtandao hakuna hata wa kuombea maji. Ungeongea, usingeongea, ingekuwa vilevile."

Ingekuwa vilevile. Angepaswa kushukuru, na alishukuru, lakini kulikuwa na ubaridi ndani ya maneno hayo. Kwa siku zote zile alidhani kidole chake kimevunja kitu. Kumbe kidole chake hakikufika hata huko.

"Yeye alisemaje?"

"Aliuliza kama ni mtandao. Wakamwambia, mkeo kakata. Wakamcheka kidogo. Akasema, 'Basi kuna jambo ameliona.' Akarudi kwenye masufuria yake."

"Alikula siku hiyo?"

Fundi bomba alikizungusha kikombe. "Mpishi hali na watu, dada. Anakula mwisho. Sikumwona."

Alipoondoka, mama mkwe alibaki sakafuni. Mshonaji akaanza kuokota vikombe.

"Mimi nilipiga makofi," alisema mama mkwe ghafla.

"Lini, mama?"

"Kule bandani. Yule alipokata, mimi ndiye niliyepiga makofi. Ukasikia." Akanyoosha mkono ainuliwe. "Njoo uniinue, goti limekufa."

*

Jumamosi mchana simu ililia, wote wawili wakiwa chumbani. Namba ilikuwa ngeni. Mshonaji aliipokea kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaishika meza.

"Usikate," ilisema sauti ile ya mafua.

"Sikati."

"Mumeo haongei, anasikiliza tu. Sina nafasi ya maswali, na hapa kilimani mtandao ni wa dakika chache. Nimemwekea sikioni. Sema unachotaka."

Mama mkwe alikuwa amekwisha kusogea, sikio lake limebanana na la mkwewe, pumzi yake ina harufu ya tangawizi. Alikuwa anaonyesha koo lake kwa kidole, ananong'ona kwa midomo: akohoe, mwambie akohoe tu, tujue. Blauzi nyeupe angeuliza hivyo. Kila aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya Kamera angeuliza hivyo. Mshonaji alifungua mdomo aulize. Na je, asipokohoa?

"Ni mimi," alisema. "Mama yuko hapa. Goti linamsumbua, lakini anakula. Bati la jikoni lilivuja, nimeweka kipande cha turubai, si kizuri ila kinasaidia. Nimeshona gauni la yule mwalimu mara tatu, mikono inageuka, mwenyewe ungenicheka. Kufuli la mlango nimebadilisha, ufunguo wako nimeuweka... upo. Ukija upo. Siku ile nilikata. Niliona mtu anakata kwenye picha nikafikiri ndivyo inavyofanywa. Ulikuwa umefuta mikono, nimeambiwa. Nisamehe. Upande wako wa kitanda sijalalia."

Maneno yakamwishia. Kwenye simu kulikuwa na upepo, na ndani ya upepo pumzi ya mtu, ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

Ndipo mama mkwe alipoinyakua simu. Aliishika mbele ya mdomo kama anayepuliza moto, macho kayafumba.

"Mwanangu!" alipaza sauti. "Mwanangu, unguza! Unasikia? Tia chumvi mara mbili! Unguza chakula chao, urudi!"

"Mama!" Mshonaji alimpokonya simu. Mwenye bunduki alikuwa palepale, simu ni yake, mkono ni wake. Akabana simu sikioni kwa mikono miwili. Alingoja kelele. Alingoja tusi, alingoja ile sauti ya mashine yenye adabu.

Upande wa pili hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyekata. Ile pumzi ilikuwepo.

"Nipo," alisema mshonaji, na akaendelea kuzungumza.